Barabara ya pwani isiyoiona bahari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku nililokaa nalo tangu likizo ya Agosti. Barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malindi sote twaiita barabara ya pwani. Kwenye ramani imelala ubavuni mwa bahari mwanzo hadi mwisho. Lakini hebu panda gari uende nayo, na nyuma yako awepo mtoto anayeuliza bahari iko wapi. Hapo ndipo utakapojua kwamba toka Kongowea mpaka Kilifi, mwendo wa kama kilomita 60, bahari huioni ila ukiwa juu ya daraja. Na juu ya daraja huruhusiwi kusimama.

Mimi ni fundi wa cherehani, nashona mabuibui na nguo za watoto Kibokoni. Gari letu ni Probox ambayo siku za kazi hubeba majora ya vitambaa kutoka mtaa wa Biashara. Kaka yangu anaishi Nairobi, na mwaka huu mkewe alikuja na watoto kwa treni ya SGR kutumia likizo kwa bibi yao. Watoto wa bara hao, bahari wanaijua kwa picha na kwa Mombasa ya siku mbili tatu. Nikawaahidi Jumapili nitawapeleka mandari, tufuate pwani mpaka tuchoke. Mama, ambaye magoti yamemkataa tangu mwaka juzi, akasema na yeye haachwi, kwa sababu njiani ipo Takaungu na upande wa mama yake ni watu wa Takaungu. Tukaondoka baada ya alfajiri: mama mbele kakaa kushoto kwangu na bakora yake, wifi na watoto nyuma, na huko buti chupa mbili za chai, mahamri, mbaazi kwenye sufuria iliyofungwa kwa kanga, viazi karai na kopo la achari ya maembe. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, anga safi, hakuna jasho.

Mwanzo wake mzuri. Ukivuka daraja la Nyali saa kumi na mbili na nusu asubuhi unauona mkono wa bahari wa Tudor umenyamaza, na ngalawa zimelala. Mama akawaeleza wajukuu kwamba daraja hili la zege ni la 1980. La kabla yake, alilolipita yeye akiwa msichana, lilikuwa linaelea juu ya maboya, na ulikuwa hupiti bila kulipa. Watoto hawakumwamini. Wakamwambia, "Bibi, daraja linaeleaje?" Akawaambia wamuulize mtu yeyote mzee wa Kisauni.

Baada ya hapo ni maduka, matatu, vumbi la barabara inayopanuliwa, na kuta. Bamburi tuliukuta moshi wa kiwanda cha saruji kilichopo tangu 1954. Nikawaonyesha watoto msitu wa mivinje ng'ambo yake, nikawasimulia kwamba pale palikuwa mashimo makavu ya kuchimbia mawe mpaka ilipoanza kupandwa miti miaka ya sabini mwanzoni, na kwamba ndipo alipoletwa yule kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mkubwa. Kisa hicho waliwahi kukisikia shuleni. Wakataka tusimame. Nikakataa, kwa sababu siku ile tulikuwa tumeiwekea bahari. Kumbe bahari ilikuwa kulia kwetu wakati wote, haifiki hata kilomita mbili, na hatukuwa tumeiona hata tone.

Daraja la Mtwapa likatupa dakika nzima ya maji ya kijani, boti nyeupe na mikoko. Nikapunguza mwendo, matatu ya nyuma ikanipigia honi mpaka tukatoka. Mama anakikumbuka kivuko cha hapo cha zamani, pantoni iliyovutwa kwa mnyororo na wanaume waliokuwa wakiimba huku wakipiga miguu kwenye mbao. Magari yalingoja foleni, abiria wakashuka kusikiliza nyimbo, na maji walikuwa nayo miguuni. Daraja ni neema, sisemi turudi kwenye mnyororo. Nasema tu kwamba enzi za pantoni msafiri alisimama kwenye maji atake asitake, na leo akitaka hana pa kusimama. Mtwapa yenyewe asubuhi ya Jumapili ndiyo kwanza inakwenda kulala, tukaipita bila salamu.

Sasa nije kwenye hasa kilichonifanya niandike.

Kati ya Mtwapa na Vipingo mama alikuwa na mahali pake. Miaka ile, familia za Mji wa Kale zilikuwa zikichangishana, zikakodi lori, wakapakiwa watu na masufuria ya pilau, wakaenda kushinda ufuoni upande wa Kikambala. Mama aliikumbuka njia: unakata kulia penye mbuyu wenye uwazi tumboni, unafuata kijia cha mchanga kati ya minazi, unatokea baharini. Mbuyu tuliupata. Uwazi wake upo vilevile, mtu amebandika tangazo la mganga. Tukakata kulia. Minazi haipo, pana kuta pande mbili, ndefu kumshinda mtu, juu zimesimikwa vigae vya chupa, na kijia kimekuwa uchochoro wa kupita gari moja. Tulikwenda nacho mpaka mwisho, na mwisho wake ni geti jeusi la chuma.

Askari aliyetoka alikuwa kijana wa Kigiriama, mwenye adabu zake. Akainama dirishani, akamwamkia mama, "Shikamoo bibi," kisha akaniambia mimi, "Mama, samahani, huku ni kwa wageni wa hoteli peke yao." Nikamwambia hatutaki hoteli, twataka kupita tu tufike ufuoni, bibi akae kivulini watoto wachezee mchanga. Akasema, "Naelewa mama, lakini nikikufungulia kazi yangu imekwisha." Mama akamuuliza, "Mwanangu, hii njia si ilikuwa ya watu?" Kijana akatazama chini. Akasema kwao ni hapohapo karibu, na hata yeye akitaka kwenda kuvua na ndugu zake hupita mbali, karibu nusu saa kwa miguu, ndipo apate penyo.

Hoteli yenyewe siitaji jina, maana si hiyo peke yake. Tulijaribu kijia cha pili mbele kidogo. Hicho kimekatwa na ukuta mpya ambao hata chokaa haujapakwa, boganvilia zimeshaanza kupandishwa. Nikazima gari. Kila mtu akanyamaza, na mawimbi yakasikika waziwazi, yakivunjika kwenye mwamba. Mdogo wao, ana miaka sita, akauliza kama bahari imefungiwa ndani. Wifi akacheka mpaka akajifuta machozi, halafu akatoa chupa ya chai. Basi mandari yetu ya kwanza tuliila mumo humo ndani ya Probox, madirisha yamefunguliwa nusu kwa vumbi, mahamri na mbaazi mapajani, tunatazamana na tofali.

Mhariri, mimi si mwanasheria, lakini kusoma najua. Kifungu cha 62 cha Katiba yetu ya 2010 kinapotaja ardhi ya umma ni ipi, kinataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Yaani ule mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na maji ni wangu mimi, wa mama, wa yule askari, na wako wewe. Hakuna mwenye hoteli wala mwenye jumba aliyeununua. Vizuri sana. Sasa twaufikiaje? Tumepewa chumba na mlango tumenyimwa. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kuzunguka kama alivyosema yule kijana, apite kwenye penyo, atembee mchangani. Mama yangu hawezi. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya chakula mkononi atafika kachoka hata hamu ya bahari imemtoka.

Wenye hoteli nao nawasikia, na wana hoja. Wakifungua njia wanakuja vijana wa ufuoni na kuwaandama wageni, "jambo jambo" mpaka mgeni arudi chumbani. Wanakuja wezi. Na sisi wenyewe wenyeji tukishashinda mahali tunaacha nepi, chupa za soda na mifupa ya kuku. Nenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, pale penye jina la Pirates, siku ya pili ya Idi, uone. Lakini dawa ya uchafu ni pipa na mfagiaji, na dawa ya mwizi ni askari wa kushika doria. Tukifungia njia kila mahali, watu wote wa kisiwani na wa Kisauni wanasukumana kwenye ufuo huohuo mmoja, kisha tunashangaa mbona umechafuka.

Agosti ni msimu wa joto kwa wenzetu wa Ulaya, na Malindi na Watamu hujaa Wataliano. Wanalipa, wanakula bahari yetu kwa raha zao, na mapato yanatuingia. Hata cherehani yangu inakula hapo, maana yapo maduka ya Watamu yanayonunua kwangu makoti ya kanga ya kuvaa ufuoni. Sina kinyongo na mgeni hata chembe. Ila mtoto aliyezaliwa na kaka yangu, ambaye damu yake ni ya hapa kuanzia huko kwa mababu, naye apate hata pa kuchovya mguu.

Takaungu ndiyo iliyotuokoa siku yetu. Ukishapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, mistari na mistari mpaka macho yanacheza, kabla hujafika Kilifi unakata kulia unateremka. Mji ni mdogo, nyumba za mawe na udongo, nyingine makuti, nyingine mabati, na njia yake inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye maji. Hakuna geti. Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walihamia hapa baada ya kutolewa huko na Sultani Seyyid Said mwaka 1837, wengine wakaenda Gazi huko kusini, na mpaka leo Takaungu ina ile heshima ya mji uliowahi kuwa na wakubwa wake. Bibi mmoja tuliyemkuta barazani alitazama uso wa mama kwa muda, akamtaja marehemu nyanya yangu kwa jina. Ikawa "karibuni, karibuni kitako", mikeka ikatoka, kahawa ikatoka, na mama akapotelea kwenye habari za nani kamzaa nani. Sikumwona tena mpaka adhuhuri.

Mimi nikateremka na watoto. Yalikuwa maji mafu, hayakujaa sana, lakini mkono wa bahari ulikuwa umejaa wa kutosha, rangi ya kijani inayokwenda kwenye buluu, pande zote mwamba na miti. Watoto wa mji wakijirusha kutoka ukingoni, wakiibuka, wakirudi kujirusha. Wangu walisimama na viatu vyao. Kisha mmoja wa wenyeji, labda ana miaka kumi na moja, akamshika yule mkubwa wetu mkono, akampeleka penye kina cha kiunoni, akamwambia, "Lala kama umekufa." Akamwekea kiganja chini ya mgongo. Mtoto wa Nairobi akalala kama amekufa, akaelea. Mama yake alikuwa nyuma yangu na simu mkononi, akasahau kupiga picha.

Kivulini kando ya vidau mzee mmoja alikuwa anasuka dema. Mdogo wetu akamkalia pembeni, akamuuliza samaki akiingia kwa nini asitokee alikoingilia. Mzee hakumjibu kwa maneno. Akamwambia atie mkono wake kwenye mdomo wa dema. Mdomo ni mpana kwa nje, kadiri unavyoingia unabana, na ncha za fito zimeelekea ndani. Mkono ukaingia bila shida. Alipouvuta, zile ncha zikamgusa kila upande wa kifundo. Akapiga kelele kwa furaha, akarudia tena na tena. Mzee aliendelea kusuka, fito moja juu, moja chini, kama hakuna mtu. Nikamuuliza siku hizi samaki wako vipi. Akasema kusi ni kusi, nje hakuendeki kwa mawimbi, watu wanavua ndani ya mwamba tu, tungoje kaskazi.

Saa nzima na zaidi pale, na hakuna aliyetuuliza sisi ni wageni wa nani.

Kilifi tuliivuka juu ya daraja lake la 1991. Wanaosafiri njia hii, mwambieni anayewaendesha apunguze mwendo hapo: kushoto ule mkono mpana unaingia bara, kulia unatoka kwenda bahari kuu, na mashua zimetia nanga chini kabisa. Ni mahali pazuri kuliko pote kwenye barabara hii, na unapapita kwa mwendo wa kumeza kidonge. Upande wa kusini, juu ya jabali, pana magofu ya Mnarani, msikiti wa kale na kaburi la mnara na mibuyu mikubwa, nawe ukisimama pale unaliona daraja lote na maji yote. Nilitaka tupande. Kutoka chini, penye gati la zamani la feri, ni ngazi nyingi, na ingawa kuna njia ya gari kwa juu, mama alishachoka. Akabaki kunionyesha tu foleni ya feri ilikuwa inaanzia wapi, na wanawake walipokuwa wakikaa na sinia za korosho. Korosho zenyewe tulinunua kwa kijana aliyekuwa akipita na vifuko dirishani. Zilikuwa mbichimbichi. Mama akasema za zamani zilikuwa bora, na hilo sikulibisha.

Mbele ya Kilifi njia inatulia, ukutani mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, na ukikaribia Gede unakata kuelekea Dabaso kwenye mkono wa bahari wa Mida. Hapa naomba wakubwa wetu wa pwani wasome kwa makini. Wanakijiji wa Dabaso, kikundi cha watu wa kawaida, wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko mpaka kwenye maji, na mwisho wake wameweka mkahawa wa makuti. Unakaa juu ya maji unakula samosa za kaa. Mama yangu, wa magoti yale, aliitembea njia ile yote. Alinishika mkono, akasimama mara kwa mara, akafika. Hakuna tajiri aliyeijenga. Ni mbao, misumari na watu waliokaa wakakubaliana.

Kijana aliyetutembeza alijua miti yake. Aliwaonyesha watoto mkoko uliosimama kwa mizizi iliyojikunja hewani, na mkandaa, na mchu ambao mizizi yake inatokeza kwenye tope kama vidole, akawaambia mti unavuta pumzi kwa hivyo. Kisha akachuma jani la mchu, akampa mkubwa wetu, akamwambia alambe. Akalamba, akakunja uso. Chumvi. Akaeleza kwamba mchu unakunywa maji ya bahari na chumvi unaitoa kupitia majani, ukiangalia juani unaiona imekaa juu ya jani kama vumbi jeupe. Basi ikawa kila mmoja analamba jani, mpaka wifi, mpaka mama. Maji yalikuwa yanapwa, vijikaa vyenye gando moja kubwa vikatoka matunduni na kuanza kupungiana.

Huko Mida kipo pia kikundi kingine chenye daraja lake la kamba na mbao, ambacho fedha za viingilio husaidia karo za watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu. Kwa hivyo anayesema bahari ikifunguliwa kwa watu wa kawaida italeta hasara tu, afike huko kwanza. Mimi nililipa kwa moyo mweupe. Geti la kulipia na geti la kufukuziwa si kitu kimoja.

Ninachoomba hakihitaji mabilioni. Barabara inapanuliwa kuwa njia mbili kwenda na mbili kurudi kutoka Mombasa kupitia Mtwapa hadi Kilifi, mashine ziko kazini, vumbi tumelila na michepuko tumeivumilia, na barabara twaihitaji. Kwa kuwa udongo unachimbwa tayari, pawekwe mahali pa kuegesha magari kabla ya daraja la Mtwapa na kabla ya daraja la Kilifi, penye benchi, mti wa kivuli na choo kinachofungika. Mama mboga na wauza madafu watajaa wenyewe, na hao wanapata riziki bila kukimbizana na magari dirishani kama yule kijana wa korosho. Kisiwani tunao mfano: bustani ya Mama Ngina kando ya bahari ilipotengenezwa mwaka 2019 watu wa Mombasa walipata tena pa kukaa jioni wakatazama meli zikiingia, na muhogo wa kukaanga wa ndimu na pilipili unauzika mpaka usiku. Inawezekana kisiwani, kwa nini isiwezekane Mtwapa?

Na vile vijia vya kwenda ufuoni vipimwe, viwekewe kibao chenye maandishi makubwa kwamba hii ni njia ya umma. Kibao tu. Mwenye ukuta wake abaki na ukuta wake, sisi tupite kando yake. Tukishafika chini, kaunti ituwekee mapipa, na atakayetupa nepi mchangani atozwe faini, hata akiwa ndugu yangu.

Tulirudi magharibi imeshaingia, foleni ya Bamburi ikatuweka mpaka watoto wote wakalala. Mama hakulala. Tulipopita Kikambala aliutafuta tena ule mbuyu kwenye taa za gari, akanambia kwamba yale malori ya pilau yalikuwa hayaingii kwa kubahatisha: mzee mmoja wa serikali alikuwa ameweka mawe meupe pande mbili za kijia, kuonyesha upana wake, na yeye akiwa mtoto alikuwa akiyarukaruka. Kama mawe yaliwekwa, basi kuna ofisi iliyoyaweka, na kuna ramani. Nawauliza wahusika wa ardhi kupitia gazeti hili, wala sihitaji hotuba ndefu: kijia cha mbuyu wenye uwazi, kati ya Mtwapa na Vipingo, upande wa bahari, kimo kwenye ramani ya umma au hakimo? Na kama kimo, geti lile limewekwa kwa kibali cha nani?

Fundi wa cherehani,
Kibokoni, Mombasa